Hekseskudd: nani alimpiga Mnorwe mshale wa kiuno?

Asubuhi ya Februari katika mji wowote wa Norwe, theluji iliyoanguka usiku huwa imeziba mlango na kulifunika gari. Mtu mzima anachukua beleshi, anazoa, anageuza kiuno, anatupa pembeni. Anaendelea hivyo bila shida mpaka ghafla, akiwa ameinama nusu, kitu kinamchoma chini ya mgongo kwa nguvu kiasi kwamba anabaki palepale, hawezi kunyooka wala kuinama zaidi. Akishajikokota mpaka kwenye kochi anampigia simu bosi wake: «Jeg har fått hekseskudd.» Heks ni mchawi. Skudd ni pigo la kitu kilichofyatuliwa kutoka mbali. Kwa hiyo mfanyakazi huyu, raia wa moja ya nchi zenye watu wachache wa kushika dini duniani, anamwarifu mkuu wake kazini kwamba amepigwa na mchawi.

Bosi hashtuki. Haulizi mchawi yupi wala ana ugomvi na nani. Anamwambia ajaze egenmelding, ile taarifa ambayo mfanyakazi wa Norwe hujiandikia mwenyewe siku za mwanzo za ugonjwa bila cheti cha daktari, na anamtakia nafuu. Neno limezoeleka kiasi hicho. Daktari hulitumia, mtangazaji wa redio hulitumia, mchungaji wa Kilutheri naye kiuno kikimkamata hulitumia.

Ukiuliza neno hili lilitoka wapi, karibu kila mtu atakupa jibu moja: zamani Wanorwe waliamini uchawi, waliamini wachawi hupiga watu mishale isiyoonekana, na neno ndilo lililobaki. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limechanganya mambo ambayo hayakuja pamoja, wala kwa wakati mmoja, wala kutoka mahali pamoja. Imani ya kupigwa ni ya zamani sana. Mchawi aliyetajwa katika neno ni mgeni. Na kati ya hivyo viwili kuna kisa cha watu waliochomwa moto wakiwa hai.

Tuanze na skudd, kwa sababu ndiyo nusu inayopotosha watu wengi. Mnorwe wa leo akisikia skudd anafikiri bunduki. Lakini neno hili lilikuwapo karne nyingi kabla ya baruti kufika kaskazini mwa Ulaya. Katika lugha ya kale ya Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, lilikuwa skot, kutoka kitenzi skjóta, na lilihusu chochote kinachorushwa kikaenda kasi: mshale, mkuki, jiwe. Hadi leo ukoo wa neno hilo umejaa Kinorwe mahali ambapo hakuna silaha yoyote. Chipukizi la mti linaloibuka majira ya kuchipua ni skudd. Mwaka mrefu, ule wenye siku 366, ni skuddår, kwa kuwa siku moja «imerushwa» ndani yake. Malipo ya awali ya mshahara ni forskudd, na ruzuku ya serikali ni tilskudd. Kinachounganisha yote haya ni kitu kinachotokea kwa mkupuo, kinachoingia au kuchomoza pasipo hatua za katikati. Maumivu ya kiuno yanayomkuta mtu ameinama yanafanana kabisa na maelezo hayo. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa jambo hili: kichomi kimetokana na kuchoma, na anayeugua kichomi husema kinamchoma ubavuni, ingawa hakuna aliyeshika kisu.

Hata umbo la neno lina historia yake. Mpaka mwaka 1814 Norwe ilikuwa chini ya mfalme wa Denmaki, na kwa muda mrefu watu waliandika Kidenmaki. Wadenmaki walikuwa wamelainisha konsonanti zao: chakula, ambacho Mnorwe hukiita mat, Mdenmaki hukiandika mad; na skot ya kale kwao ikawa skud. Maandishi ya bokmål, yale yanayotumiwa na Wanorwe wengi, yalikua kutokana na Kidenmaki hicho, na ndiyo maana yana hekseskudd yenye d. Maandishi ya nynorsk, ambayo Ivar Aasen aliyajenga karne ya 19 kutokana na lahaja za vijijini, yalirudisha t yake, hekseskot. Ukiona herufi ya mwisho ya neno hili unajua mwandishi kashika njia ipi.

Sasa mchawi mwenyewe. Heks si neno la Wanorse wa kale. Ukisoma hadithi za kale za Aislandi na Norwe utakutana na völva, mwanamke anayebashiri. Utakutana na trollkona, mwanamke wa nguvu za giza. Utakutana na seiðr, uganga uliohusishwa na mungu Odin. Heks hutaikuta. Neno hilo lilitoka Ujerumani na kupanda kaskazini kupitia Kidenmaki. Kwa Kijerumani cha leo ni Hexe, na umbo lake la kale ni hagzissa au hagazussa. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na ndugu yake, hægtesse. Sehemu ya mwanzo, hag, wataalamu wengi huiunganisha na ua au uzio, yaani mpaka kati ya shamba la mtu na pori. Sehemu ya pili ndiyo yenye ubishi, na hapo kuna jambo la kupendeza: baadhi ya wanaisimu wanailinganisha na neno la lahaja za Norwe, tysja, linalomtaja kiumbe wa kike wa msituni. Ikiwa ulinganisho huo ni sahihi, basi kipande cha neno hili la kigeni kilikuwa na ndugu aliyesahauliwa mabondeni Norwe kwenyewe, akimsubiri.

Neno zima nalo, si heks peke yake, lilitengenezwa kwa mfano wa Kijerumani. Wajerumani husema Hexenschuss: Hexe, mchawi, na Schuss, pigo la kitu kilichofyatuliwa. Wadenmaki husema hekseskud. Hekseskudd ya Kinorwe ni tafsiri sisisi, kiungo kwa kiungo, na ilikuwa rahisi kwa sababu skudd na Schuss ni watoto wa mama mmoja.

Mwaka 1489 mwanasheria Ulrich Molitor wa mji wa Konstanz alichapisha kitabu kuhusu wachawi, kikiwa na picha za kuchonga kwenye mbao. Moja ya picha hizo inamwonyesha mwanamke akimlenga mwanaume kwa mshale. Anamlenga mguuni. Hiyo ni habari muhimu, kwa kuwa inaonyesha kwamba wakati ule wazo la mshale wa mchawi halikuwa limefungwa kwenye kiuno. Maumivu yoyote ya ghafla, kilema chochote kisichokuwa na sababu inayoonekana, kiungo chochote kilichokaza usiku mmoja, vyote viliweza kuelezwa hivyo. Kiuno kilikuja kubaki peke yake baadaye, pengine kwa sababu hakuna sehemu nyingine ya mwili inayomwangusha mtu mwenye afya kwa namna ile.

Toka, mkuki mdogo

Je, kabla ya Wajerumani kuwaletea neno, watu wa kaskazini hawakuwa na wazo la kupigwa? Walikuwa nalo, na ushahidi mzuri zaidi umehifadhiwa Uingereza. Katika Maktaba ya Uingereza mjini London kuna hati ya ngozi inayojulikana kama Harley 585, iliyoandikwa karibu na mwaka 1000. Ndani yake kuna mkusanyo wa dawa uitwao Lacnunga, na ndani ya mkusanyo huo kuna tiba ya kichomi cha ghafla, Wið færstice.

Tiba inaanza jikoni. Mganga anachukua mimea mitatu, mmoja wao upupu mwekundu wa Ulaya uliomea kupenya nyumba, na kuichemsha katika siagi. Kisha anakariri maneno. Anawataja wanawake wenye nguvu waliopita juu ya kilima cha kaburi wakiwa wamepanda farasi, wakipiga kelele, wakirusha mikuki inayovuma. Anataja wahunzi sita walioketi wakifua silaha. Na mara kwa mara anarudia amri moja: «Ut, lytel spere, gif her inne sie.» Toka, mkuki mdogo, kama umo humu ndani.

Kisha inakuja sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya nilipende andiko hili. Mganga anaorodhesha waliowezekana kurusha. Huenda ni pigo la esa, yaani miungu ya kale. Huenda ni pigo la ylfa, viumbe wasioonekana ambao Wanorwe huwaita alver. Huenda ni pigo la hægtessan, la yule mwanamke ambaye jina lake ni ndugu wa heks. Kwa kila mmoja anasema: nitakusaidia. Hachagui. Hachunguzi. Haiti majirani waje wasimame mstari. Mungu, jini au mchawi, kwake ni mamoja, kazi yake ni kumwondolea mgonjwa kitu kilichomo mwilini. Mwishoni anachukua kisu na kukichovya katika dawa.

Kwa hiyo wazo la pigo ni la kale, na mpigaji hakuwa mmoja. Katika lahaja za Norwe kulikuwa na majina kadhaa ya maradhi ya ghafla ya watu na mifugo: alvskot, pigo la alver, trollskot, pigo la troli, jitu la hadithi za kaskazini, na finnskot, pigo la Wafini, jina ambalo Wanorwe waliwaita nalo Wasami, wenyeji wa kaskazini wanaofuga kulungu wa theluji. Kipande cha fuvu la binadamu kilichochimbwa Ribe, Denmaki, chenye maandishi ya runi, herufi za kale za kaskazini, ya karne ya 8, kinataja maumivu na kumtaja dverg, yaani kibeti wa hadithi. Neno la maumivu lililochongwa juu yake ni lile lile ambalo Mnorwe wa leo hulitumia akisema jino linamuuma, tannverk.

Miungu, majini, vibeti, troli, jirani wa kabila lingine, mwanamke wa kijijini. Nafasi ya mrushaji ilikuwa wazi, na kila zama zilimweka humo yule ziliyemwogopa.

Hakimu hakuweza kuiacha wazi

Mahakama ilipochukua nafasi ya mganga, mambo yalibadilika kabisa. Mganga alihitaji kuutoa mkuki. Hakimu alihitaji kumpata aliyeurusha, na alihitaji awe mtu mwenye jina na shingo.

Tarehe 12 Oktoba 1617 Mfalme Christian wa 4 wa Denmaki na Norwe alitoa amri dhidi ya troldfolk, watu wa uchawi, na washirika wao. Angalia neno lenyewe: hata sheria ya mfalme haikusema heks. Katika kumbukumbu za mahakama za Norwe shtaka ni trolldom, na mshtakiwa ni troldkvinde. Ndiyo maana ni makosa kuichukua hekseskudd kama kumbukumbu ya moja kwa moja ya kesi zile. Waliohukumiwa hawakuitwa kwa jina lililomo ndani ya neno. Ila woga uliowaua ndio uleule.

Amri hiyo ilifika Finnmark, mkoa wa kaskazini kabisa, wakati mbaya. Mkesha wa Krismasi wa mwaka uleule wa 1617 dhoruba ya ghafla ilizikuta mashua za wavuvi baharini. Mashua 10 zilizama, wanaume 40 wakafa, katika jamii ndogo za Vardø na Kiberg ambako kila aliyekufa alikuwa mume au mtoto wa mtu unayemjua. Mwaka 1619 akaja gavana mpya, Mskoti John Cunningham, mtu aliyetoka nchi ambako uwindaji wa wachawi ulikuwa umeshika kasi tangu enzi za Mfalme James. Muda si mrefu wanawake wakaanza kukiri, baada ya kuteswa na kutupwa katika maji ya bahari yenye barafu kuonekana kama wanaelea, kwamba wao ndio waliofunga upepo kwa mafundo na kuuachilia.

Kati ya mwaka 1600 na 1692 watu 91 waliuawa kwa uchawi Finnmark, 77 wakiwa wanawake na 14 wanaume, katika mkoa wenye wakazi wapatao 3,000 tu. Mashtaka yalihusu meli kuzama, samaki kukimbia pwani, ng'ombe kufa, mtu kuugua ghafla. Majira ya baridi ya 1662 hadi 1663 yalikuwa mabaya kuliko yote: wanawake wapatao 20 walikufa, na hata watoto wa kike waliletwa mahakamani. Mwaka huohuo wa 1662, kijijini Auldearn huko Uskoti, mwanamke aitwaye Isobel Gowdie alikiri kwamba Shetani huchonga vichwa vya mishale kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba yeye na wenzake huvirusha kwa kuvifyatua na ukucha wa kidole gumba. Vichwa vya mishale vya mawe vya watu wa kale, ambavyo wakulima waliviokota mashambani, vilitosha kuwa ushahidi kwamba mishale ile ipo.

Kwa Wasami hali ilikuwa na mzizi wake. Tangu zamani wageni waliandika kwamba Wasami hutuma gand, roho au kitu kinachoruka mpaka kikampata mlengwa na kumdhuru. Andiko la Kilatini la Zama za Kati kuhusu Norwe, Historia Norwegie, tayari linalitaja neno hilo. Baadaye watu walisema gand huruka kama nzi na kwamba mganga huwaweka nzi hao katika kifuko. Mwaka 1609 Christian wa 4 alikwisha agiza kwamba uchawi wa Wasami uadhibiwe bila huruma, na wengi wa wanaume waliouawa Finnmark walikuwa Wasami. Mwaka 1692 mzee mmoja, Anders Poulsen, alishtakiwa Vadsø kwa kumiliki ngoma ya kiganga. Aliieleza mahakamani kwa utulivu, alama moja baada ya nyingine. Hukumu haikumfikia: mtu mwenye maradhi ya akili alimuua kwa shoka akiwa kizuizini. Ngoma yake ilipelekwa Copenhagen, na umiliki wake ulirudi kwa Wasami, katika makumbusho yao ya Karasjok, mwaka 2022 tu.

Huko Vardø, mahali paitwapo Steilneset, tangu mwaka 2011 kuna ukumbusho uliobuniwa na msanifu majengo Peter Zumthor pamoja na msanii Louise Bourgeois. Ni ujia mrefu, mwembamba na wenye giza, ulioning'inizwa juu ya mbao karibu na bahari. Ndani yake mna madirisha madogo 91, na katika kila dirisha taa moja inayowaka. Kando ya kila taa pana maandishi yanayomtaja mtu, alichoshtakiwa, alichokiri na alivyouawa, yametolewa katika kumbukumbu za mahakama. Anayepita humo anasoma mara kwa mara kwamba fulani aliugua ghafla na fulani mwingine akawa ndiye sababu.

Majirani wamesemaje

Lugha za jirani zinasaidia kuona jinsi mpigaji anavyoweza kubadilishwa au hata kuondolewa. Mfini husema noidannuoli, mshale wa mchawi. Mswidi amemfuta mchawi na kubakiza pigo, ryggskott, pigo la mgongo. Mpolandi naye ana postrzał, pigo tupu. Mwaislandi, ambaye kisiwa chake kililinda lugha ya Wanorse kuliko wengine wote, haongelei mshale kabisa: kwake ni þursabit, kung'atwa na jitu. Wahungaria walilichukua neno la Kijerumani lilivyo na kuliandika kwa matamshi yao, hexensussz. Na Japani, ambako udaktari wa Kijerumani ulifundishwa sana tangu karne ya 19, watu husema majo no ichigeki, dharuba moja ya mchawi. Japani ina vizuka vyake vya kutosha, na bado mchawi wa Ulaya amepata kazi huko.

Kinorwe chenyewe nacho kina maneno mengine mawili ya jamii hii ambayo hayajaazimwa Ujerumani, na kwangu hayo ndiyo yanayoonyesha imani ya wenyeji vizuri zaidi kuliko hekseskudd.

La kwanza ni elveblest, jina la kila siku la mabaka mekundu yanayovimba na kuwasha, yanayotokea ngozini ndani ya dakika na mara nyingi kutoweka ndani ya saa 24. Mnorwe wa leo akiligawa neno hili husikia elv, mto, na blest, upepo, naye huishia kudhani ni upepo wa mtoni uliomchafua ngozi. Sivyo. Elve hapa imetokana na alv: ni wale alver waliompulizia mtu pumzi. Namna ya kuelewa ugonjwa ilibadilika, siku hizi tunajua ni seli za ngozi zinazomwaga histamini kwa sababu ya mzio, maambukizi, baridi au bila sababu inayopatikana, lakini pumzi ya alver imebaki katika maelezo ya kila duka la dawa nchini.

La pili ni alveld, moto wa alver, na hili utalikuta midomoni mwa wafugaji wa kondoo wa magharibi mwa Norwe na katika ripoti za madaktari wa mifugo. Mwanakondoo aliye malishoni kiangazi anavimba masikio na uso, ngozi inaungua na kubabuka. Chanzo ni mmea mdogo wa maua ya njano wa sehemu zenye majimaji, rome, ambao kwa Kilatini ni Narthecium ossifragum. Wanakondoo wanaougua wameula, ini limeharibika, na kitu kinachotokana na umeng'enyaji wa majani mabichi, ambacho ini lingekitoa, kinabaki katika damu. Jua likipiga ngozi, kitu hicho kinaichoma. Mfugaji wa zamani aliona kila dalili kwa usahihi: moto, ghafla, juani, kwa wanakondoo. Alikosa ini tu. Jina la Kilatini la mmea nalo lina kosa lake, kwa kuwa ossifragum ni mvunja mifupa, jina lililotokana na imani kwamba ng'ombe waliolisha hapo hupata mifupa dhaifu; mifupa ilikuwa dhaifu kwa sababu udongo wa sehemu hizo hauna chokaa ya kutosha.

Na kiuno chenyewe?

Jina la kitabibu, lumbago, halina mchawi lakini halielezi zaidi. Lumbus kwa Kilatini ni kiuno. Ukiambiwa una lumbago umeambiwa kwa Kilatini kwamba unaumwa kiuno, jambo ulilokwenda nalo kwa daktari.

Ukweli ni kwamba katika visa vingi sana vya maumivu ya ghafla ya kiuno, sababu mahususi haipatikani. Huenda misuli imejikaza kulinda kiungo kidogo kati ya pingili, huenda sahani ya uti wa mgongo imekera neva, huenda ni kano. Kupiga picha mapema mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa migongo ya watu wasioumwa nayo huonyesha mikwaruzo na sahani zilizotoka kidogo. Na tatizo ni la dunia nzima: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo.

Hapa naona hatari ya neno. Anayesema amepigwa anaamini kuna kitu kimevunjika au kimechanika ndani, naye anatenda kama majeruhi: analala, anaogopa kujigeuza, anasubiri kitolewe. Kwa miongo mingi hata madaktari waliagiza watu walale chali wiki nzima. Mwaka 1995 daktari Mnorwe Aage Indahl na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa watu waliokuwa nje ya kazi kwa zaidi ya wiki 8 kwa ajili ya mgongo. Kundi moja lilipimwa vizuri, kisha likaelezwa kwa lugha nyepesi kwamba mgongo ni imara, kwamba maumivu hayamaanishi madhara, na kwamba kutembea na kujipinda kama kawaida ndiyo njia. Kundi hilo lilirudi kazini mapema kuliko lile lililoachwa na utaratibu wa kawaida. Miongozo ya leo inafuata njia hiyo: endelea kujongea kadiri unavyoweza, dawa ya maumivu ikibidi, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache, ingawa maumivu yana tabia ya kurudi.

Lakini zipo dalili ambazo hazisubiri. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukagoma kutoka, ukihisi ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mguu ukipoteza nguvu, ukiwa na homa, umepungua uzito bila sababu, umewahi kuugua saratani au maumivu yameanza baada ya ajali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa msemaji wa Kiswahili anayeishi Oslo au Bergen, namba ya dharura nyepesi ni 116117, na ya hatari ni 113.

Daktari wa familia wa Norwe akimaliza kumpima yule mtu wa theluji hufungua kompyuta na kuandika namba. Mfumo unaotumiwa na madaktari hao unaitwa ICPC-2, na ndani yake maumivu ya kiuno ni L03, na yanaposhuka mguuni huwa L86. Neno heks halimo. Daktari anabonyeza namba, anageuka kwa mgonjwa, na kumwambia kwa sauti kwamba ni hekseskudd, atembee kidogo kidogo, na beleshi amwachie mwingine kwa siku chache.